Chupa ya Kinywaji Isitiwe Mafuta ya Taa



Katika nyumba zetu nyingi mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo. Mnunuzi huenda dukani na chupa yake tupu, aghalabu ya maji au ya soda, hupimiwa, kisha huiweka sakafuni karibu na jiko. Mtu mzima anajua kilichomo. Mtoto wa miaka 2 hajui. Hasomi maandishi, na harufu haimzuii. Anachokumbuka ni kwamba chupa kama ile jana ilikuwa na kinywaji kitamu. Ajali huwa imekwisha kuandaliwa siku ile sumu ilipotiwa katika chombo cha kinywaji.

Mafuta ya taa ni mepesi, nayo huteleza upesi. Yakimpalia mtoto huingia mapafuni na kuyadhuru, hata yakiwa funda dogo. Hiyo ndiyo sababu tunakataza kumtapisha: anapotapika, mafuta hupanda tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Kwa hiyo msimtie kidole kooni, wala msimnyweshe maji ya chumvi, maziwa, mayai mabichi au mafuta ya kula. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo huunguza koo inaposhuka, na huliunguza tena inapopanda.

Yafanyeni haya. Mwondoleeni mtoto chombo hicho na mabaki yaliyomo kinywani. Nguo zikilowa, mvueni, mkamwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Sumu ikiingia jichoni, lisafisheni kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlazeni kwa ubavu. Kisha mpelekeni mara moja katika kituo cha afya kilicho karibu, hata kama anaonekana mzima, kwa maana kikohozi na shida ya kupumua huweza kuja baada ya saa kadhaa. Chukueni na chombo chenyewe, mkamweleze mganga amekunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.

Kinga yake haina gharama kubwa. Mafuta ya taa yawe na dumu lake, lenye kifuniko cha kubana, nalo likae mahali pa juu au katika kabati lenye kufuli. Dawa ya panya na dawa ya kunyunyizia mimea zinunuliwe katika vyombo vyake vya asili, vyenye lebo. Muuzaji akiwapimia katika kichupa kisicho na jina, kataeni. Ni haki yenu kujua mnachonunua. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito navyo vifungiwe: vingi hufanana na peremende, na vichache tu huweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo. Wala tusimbembeleze mtoto kumeza dawa kwa kuiita pipi, kwani siku nyingine ataitafuta mwenyewe.

Mkirejea nyumbani leo, chuchumaeni jikoni hadi kimo cha mtoto, mtazame kila kitu ambacho mkono wake unaweza kukifikia. Chochote cha hatari mtakachokiona hapo, kiondoeni kabla ya usiku kuingia.