Mtoto Asiyetulia: Tumpe Nini Kula?

Leo tuongee juu ya mtoto yule ambaye mama yake anakuja kuniuliza wengine wakiisha kutoka, na kwa sauti ya chini. "Mama munganga, mtoto wangu hatulii. Ninamtuma chumvi, anarudi na kiberiti. Ku masomo anatazama dirisha. Mwalimu anasema ni mjinga, na bwana yangu anasema ni mimi nimemharibu."

Na katika mtaa kila mtu ana dawa yake. Mmoja anasema ni sukari. Mwingine anasema ni ukaidi, apigwe. Wa tatu anasema ni shetani, apelekwe chumba cha maombi afunge chakula siku tatu. Ni hiyo ya tatu inanisumbua zaidi, basi nianze nayo.

Mimi ninaamini maombi, na mimi mwenyewe ninafunga. Lakini mimi ni mtu mzima na nimejichagulia. Mtoto wa miaka saba hana akiba mwilini kama sisi. Ubongo wake unakula sana, kupita wa mtu mkubwa. Ukimnyima chakula siku moja, kesho yake atasikia maneno yako kidogo tu, atatetemeka, atalia bure. Halafu watasema: "Mnaona? Pepo anakataa kutoka!" Hapana, mama. Ni njaa. Omba pamoja naye, lakini kwanza amekula. Na mjue kwamba sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumwita mtoto mchawi.

Sasa ukweli ni huu. Kuna watoto waliozaliwa hivyo. Akili yao ni nzima, lakini haishiki jambo moja muda mrefu. Wanganga wanaiita kwa Kifaransa TDAH. Mara nyingi baba, ao mjomba, alikuwa hivyo katika utoto wake. Chakula hakikuleta hali hiyo, na chakula peke yake hakitaiondoa. Lakini kuna wengine, na hapa kwetu ni wengi, wanaofanana nao kabisa, kumbe ni njaa, ao damu kidogo, ao minyoo, ao usingizi haba. Na yule aliyezaliwa hivyo, akiwa na njaa juu yake, anateseka mara mbili. Kwa hiyo sahani inatuhusu kwa wote wawili.

Tutazame asubuhi. Watoto wangapi wa Ndosho na Majengo wanaenda ku masomo na kikombe cha chai tupu, wengine bila kitu? Saa nne mwalimu anafundisha hesabu, mtoto anahesabu saa za kurudi nyumbani. Uji wa masoso unatosha: mahindi, soja na mtama, vimekaangwa na kusagwa pamoja. Soja ikaangwe vizuri, mbichi inasumbua tumbo. Ukikosa uji, mpe viazi vya jana na maharagi yaliyobaki. Si aibu kula maharagi asubuhi. Aibu gani?

Damu. Mtoto mwenye damu kidogo anachoka, anasinzia, ao anakuwa na hasira na hakumbuki somo. Tazama ndani ya kope zake na viganja vyake kama vimekuwa vyeupe. Chuma kinachojenga damu kiko ndani ya nyama, maini, samaki, maharagi, lenga-lenga na sombe. Kile cha maharagi na majani kinaingia mwilini kwa shida, kinahitaji msaada: kipande cha chungwa, ndimu, pera, ao nyanya mbichi pamoja na chakula. Chai inakizuia. Kwa hiyo chai ingoje saa moja ao mbili kisha kula. Usinunue vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Vikizidi ni sumu, na viwekwe mbali na watoto wadogo. Tupime damu kwanza. Na dawa ya minyoo, mara mbili kwa mwaka, usikatae wakija kuigawa.

Sambaza ninawasifia kila siku, mnanicheka. Samaki huyu hakuwa wa Ziwa Kivu; alitolewa Tanganyika karibu mwaka wa 1959, na leo ndiye nyama ya maskini. Anakuliwa mzima na kichwa chake na mifupa. Mkavu anatwangwa kuwa unga, vijiko viwili ndani ya uji ao ndani ya sombe. Huko Birere wanauza vidonge vya mafuta ya samaki juu ya akili za watoto. Watafiti waliovipima waliona faida ndogo tu. Feza hiyo nunua sambaza, nyumba nzima itakula.

Sasa chumvi. Mashua za Idjwi zinazofika Kituku na mananasi mnazijua. Katika kisiwa hicho wanganga wa Ubelgiji, Delange na Ermans, walifanya uchunguzi miaka ya 1960 kuelekea 1970. Waliona watu wengi wenye rovu, ni kusema uvimbe wa shingo, na watoto wengine waliozaliwa na akili nzito ao viziwi, sababu ardhi haina iyode. Tena waliona jambo la kushangaza: iyode ilikosekana kisiwa kizima, lakini rovu ilikuwa nyingi zaidi kaskazini. Muhogo usiotengenezwa vizuri ulikuwa unaongeza ubaya. Basi nunua chumvi ya iyode, ile ya mfuko uliofungwa, si ile ya rundo linalokaa juani. Ifunike nyumbani, uitie sufuriani mwishoni. Muhogo mchungu uloweke siku tatu ndipo uanike. Sombe itwangwe na kuchemka sana. Na mama mwenye mimba ndiye wa kwanza kuhitaji chumvi hiyo, maana ubongo wa mtoto unaanza kujengwa tumboni.

Sukari? Iliharibu meno mengi, lakini kutotulia haileti. Mwaka wa 1995 wanganga wa Marekani walikusanya majaribio mengi na hawakuona tofauti. Ubaya wake ni kushibisha mtoto kwa soda na biskuti, kisha anakataa maharagi.

Vijana wenu wakubwa, waulizeni wanakunywa nini. Ile mikopo ya kinywaji cha nguvu inafukuza usingizi, na kijana asiyelala hawezi kusikiliza mwalimu. Msichana aliyeanza kuona mwezi anapoteza damu kila mara. Asipewe mchuzi tu huku kaka zake wanapata samaki.

Neno moja la sinia. Mtoto asiyetulia anainuka, anafuata kuku, anarudi, sinia imekwisha. Siku kwa siku anakonda na hamjui sababu. Mpakulie sahani yake mwenyewe, kidogo, na akirudi umwongezee. Mtume jambo moja, si matatu. Mshike bega, mtazame macho, kisha sema. Fimbo haiongezi akili.

Mlete hapa kama amebadilika kisha kuugua malaria ya kichwa. Uchunguzi wa Kampala uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mtoto mmoja kwa wanne bado alikuwa na shida fulani ya akili miaka miwili baadaye. Mlete kama anatazama mahali pamoja bila kusikia akiitwa, inaweza kuwa kifafa. Mlete kama hasikii vizuri. Na kama yalianza kisha masasi ya Januari 2025, ao kisha kukimbia, tuambie bila kuogopa. Hofu nayo inafukuza akili. Uje na fiche yake ya chanjo na daftari lake la masomo, na kama inawezekana, baba yake.