Kazi ya Ualimu katika Shule za Kimataifa: Maneno kwa Wazazi na Ndugu wa Walimu wa Mpakani

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi, Malaba)

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, akina mama wa kamati ya akiba, na ninyi ndugu wanachama mliotoka Busia kwa boda boda na mliotoka zamu ya usiku kabla ya kulala:

Kamati ilituomba tuseme juu ya kazi ya ualimu katika shule ziitwazo za kimataifa, kwa sababu maombi matano ya mkopo yameletwa katika mfuko wa tawi letu, na yote matano yataja kazi hiyo. Mzazi mmoja ataka fedha za kumpeleka binti yake Kampala. Wawili wataka fedha za ajenti anayeahidi kazi Uarabuni. Wengine wawili wataka kulipia masomo. Mfuko hauwezi kuwapa wote, na fedha zilizomo ni jasho la kila mmoja aliyeketi hapa.

Huenda mwenzetu akauliza, mtu wa reli aliyesoma shule ya msingi ya misheni tu ajua nini juu ya shule wanakosoma watoto wa mabalozi? Ni haki kuuliza. Sisi hatukufika sekondari. Kazi yetu ni mabehewa. Lakini jambo hili liliingia nyumbani mwetu, likatula fedha, ikatubidi tulijifunze kama mtu anavyojifunza ugonjwa wa mtoto wake.

Tulimsomesha mdogo wetu wa kike kwa mshahara wa reli mpaka akapata cheti cha P1 mwaka 2018. Akaandikishwa na Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, akapewa namba. Tulichinja kuku wawili siku ile, tukidhani namba ni kazi. Kumbe namba ni ruhusa tu. Kwa sheria ya mwaka 2012 hakuna anayepaswa kufundisha Kenya bila kuandikishwa, hata katika shule ya binafsi. Lakini kuandikishwa ni jambo moja, na kuajiriwa na serikali ni jambo jingine, na kati ya hayo mawili wapo watu wenye vyeti wanaosubiri mpaka wanaota mvi.

Akaingia shule ya binafsi hapa mpakani. Ubaoni ilikuwa imeandikwa kwamba ni ya kimataifa, kwa rangi nyekundu. Umataifa wake, kwa tulivyoona sisi, ni kwamba nusu ya watoto walivuka daraja asubuhi wakitoka Uganda. Hakupewa barua. Likizo ya Agosti na ya Desemba hakulipwa. Machi 2020 shule zote zilipofungwa kwa ajili ya korona, mwenye shule aliwaambia walimu waende nyumbani, basi. Watoto wa Kenya walirudi wote darasani Januari 2021. Wenzetu wa Uganda ndio walioumia zaidi, maana shule zao hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mdogo wetu aliuza mihogo ya kukaanga kando ya foleni ya malori. Wengi wenu mliinunua, na mlimwita mwalimu kwa heshima, nasi tunawashukuru kwa hilo.

Katika shida hiyo akatokea mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja, akasema anazo nafasi za walimu katika shule kubwa ya Uarabuni. Alitaka shilingi 60,000 za karatasi. Tulikopa nusu katika mfuko huu huu. Alitupa risiti yenye mhuri, na mhuri ule ndio uliotupumbaza, kwa kuwa mtu wa reli amefundishwa kuheshimu mhuri. Baada ya miezi miwili chumba kilikuwa kinauza kadi za simu. Mkopo tulimaliza kuulipa mwaka jana, mwezi wa Novemba, nanyi hamkutudhihaki. Kwa hiyo tunaposema leo juu ya ajenti, tunasema kama mtu aliyeungua.

Sasa shule hizi ni nini? Neno kimataifa peke yake halina maana. Kila mtu aweza kulipaka ubaoni. Shule yajulikana kwa mtihani wake na kwa aliyeipa idhini. Zipo zinazofuata mtaala wa Cambridge wa Uingereza. Zipo za IB, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 1968, ambalo huikagua shule kabla ya kuiruhusu kutumia jina lake. Zipo pia za mtaala wa Kimarekani. Nairobi iko International School of Kenya, tangu mwaka 1976. Mombasa iko Aga Khan Academy, tangu mwaka 2003. Kisumu, ambako ni karibu nasi, wako Braeburn. Kampala wako KISU, na International School of Uganda iko Lubowa, kwenye njia ya kwenda Entebbe. Mzazi akitajiwa shule, na aulize kwanza: watoto wenu hufanya mtihani gani, na kituo chenu cha mtihani kina namba gani? Cambridge na IB hutangaza shule zao wazi, na kijana yeyote mwenye simu aweza kutazama kwa dakika tano. Sisi hatukutazama. Tulitazama mhuri.

Jambo la pili ni majira. Watu wetu huomba kazi Desemba na Januari, kwa desturi ya kalenda ya Kenya, wakitaka kuanza mara moja. Nyingi za shule hizi huanza mwaka wao Agosti au Septemba na kuumaliza Juni au Julai. Nafasi zao hutangazwa mapema, nyingine tangu Novemba ya mwaka uliotangulia, na kufika Aprili zilizo nzuri zimekwisha. Anayebisha mlango Julai hukuta zile za kuziba pengo, mathalani mwalimu amekwenda likizo ya uzazi. Lakini tusizidharau nafasi za kuziba pengo, maana mdogo wetu aliingilia hapo hapo.

Karatasi zinazotakiwa ni hizi: vyeti vya masomo, namba ya TSC, cheti cha mwenendo mwema cha polisi, ambacho huombwa kwa eCitizen, na majina ya wakuu wawili au watatu uliofanya kazi chini yao, ambao shule itawauliza yenyewe kwa siri. Hilo la mwisho lina sababu. Shule hizi zimekuwa kali sana juu ya usalama wa watoto, na mwalimu ambaye mkuu wake wa zamani hapatikani kwa simu hutiliwa shaka hata kama ni malaika. Kwa hiyo mwalimu asiondoke shuleni kwa ugomvi, hata ikiwa shule yenyewe ilimdhulumu. Ni vigumu, twajua. Baadaye humwita afundishe somo moja mbele yao. Hawataki asimame akisomea ubao. Wataka kuona watoto wakisema kuliko yeye.

Watu wa mpakani tunayo bahati moja ambayo hatujaitumia, nayo ni Kiswahili. Mtihani wa Cambridge wa IGCSE una somo la Kiswahili, na IB nayo inalo. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wenyewe wanaojua jinsi Kiswahili kilivyoogopwa Kampala miaka mingi, kwa sababu kilikuwa lugha ya mwenye bunduki, watafahamu kwamba hilo si jambo dogo. Walimu hawatoshi. Mtu wa Malaba anayesema Kiteso nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza ofisini, na aliyezoea Waganda tangu utoto, ana kitu cha kuuza huko.

Mdogo wetu alikwenda Januari 2023. Alianza kama mwalimu msaidizi, kushikilia mahali pa mama aliyejifungua, mkataba wa miezi minne. Mama yule aliporudi, mkuu akamwambia abaki afundishe Kiswahili madarasa ya chini. Sasa ana darasa lake, naye asomea digrii ya ualimu wakati wa likizo. Yuko mwaka wa mwisho. Katika shule hizi mtu hupanda kwa digrii kwanza, halafu kwa kozi fupi za mtaala wenyewe, halafu kwa kubeba mzigo ambao wengine wanaukwepa: bweni, michezo, ratiba. Msaidizi huwa mwalimu wa darasa, mwalimu huwa mkuu wa somo, na wachache huwa waratibu. Yafaa kijana aulize siku ya kwanza kama shule hulipia kozi hizo, kwa maana nyingi hulipia, ila hazisemi mpaka ziulizwe.

Lakini tusimpambe bibi harusi kupita kiasi. Katika shule ile walimu waliotoka ng'ambo hupewa nyumba, tiketi ya ndege kila mwaka, na watoto wao husoma bure. Mdogo wetu, na Waganda wenzake, hawapewi. Kazi ni moja, darasa ni moja, hata chaki ni ya boksi moja. Yeye alishangaa. Sisi hatukushangaa, kwa kuwa wazee wa reli walituhadithia jambo hili. Tume ya Holmes, mwaka 1948, iliona ni sawa Mhindi apate tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Tume ya Lidbury, mwaka 1954, ikaondoa rangi katika gredi, lakini ikaweka posho ya kumvutia mtu wa kutoka ng'ambo. Posho ile ndiyo babu wa tiketi ya ndege tunayoiona leo. Hatusemi mwalimu aikatae kazi kwa sababu hiyo. Mshahara wake ni zaidi ya mara mbili ya ule wa shule ya rangi nyekundu. Twasema aulize ngazi ya mshahara wa wenyeji, aione kwa maandishi, ajue juu yake kuna nini.

Na ajiunge na chama. Walimu wa Kenya hawakupewa mwajiri mmoja kwa huruma ya mtu. Walikuwa wakiajiriwa na misheni na mabaraza, kila mmoja kwa masharti yake, mpaka KNUT, iliyozaliwa mwaka 1957, ilipodai kwa miaka kumi na TSC ikaanza kazi mwaka 1967. Walimu wa shule za binafsi walibaki nje ya malango hayo. Hapa Kenya kipo chama cha KUDHEIHA, ambacho kina taasisi za elimu katika jina lake, lakini mwalimu wa shule ya kimataifa huona haya kuketi chama kimoja na mpishi na mtunza bustani. Mpishi huyo ndiye mara nyingi anayejua saa zake za ziada.

Juu ya mkataba, tutasema yale tuliyoyalipia. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kipindi cha majaribio kisizidi miezi sita, ila mwajiri na mfanyakazi wakipatana kukiongeza. Mkataba wa kwenda kufanya kazi nje ya Kenya wapasa kushuhudiwa na Afisa wa Kazi kabla mtu hajaondoka. Ajenti naye sharti awe ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake laweza kutafutwa. Shule njema haimtozi mwalimu fedha ya kumwajiri. Ikitaka fedha, hiyo si shule.

Kwenda Uganda ni rahisi kuliko Uarabuni. Mtu huvuka kwa kitambulisho tu. Kibali cha kazi bado chatakiwa, lakini Uganda haimtozi Mkenya ada yake, kwa mapatano ya Soko la Pamoja yaliyoanza Julai 2010. Angalia tu kwamba wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamekwisha patana nchi hizi zitambuane vyeti. Walimu hawamo katika orodha hiyo, kwa hiyo cheti chako hupimwa upya. Na kule NSSF yao hukata mia kwa tano kwa mfanyakazi, na mwajiri huongeza kumi. Hiyo si NSSF yetu. Vitabu ni viwili, na kila kimoja chataka namba yake; mdogo wetu alikaa miezi mitano bila namba ya kule, na hakuna aliyemwambia.

Sasa turudi kwenye maombi matano, maana ndiyo yaliyotuleta. Rai yetu, nanyi mwaweza kuikataa kwa kura, ni hii. Yale mawili ya masomo yapewe, fedha ilipwe chuoni moja kwa moja, isipitie mkononi mwa mtu. La Kampala lipewe nusu sasa kwa nauli na chumba, na nusu nyingine mkataba ukiletwa hapa ukasomwa na Katibu. Yale mawili ya ajenti yasipewe hata senti mpaka mkataba wenye sahihi ya Afisa wa Kazi uwe mezani. Twajua wenye maombi hayo mawili wameketi safu ya tatu, na mmoja ni rafiki yetu wa miaka kumi na miwili. Ametuambia asubuhi hii kwamba ajenti ameweka siku ya mwisho kuwa Ijumaa.

Ndugu, sisi pia tuliwekewa Ijumaa. Jumatatu hatuna zamu, na gari la Busia huondoka hapa mapema. Tutakwenda naye ofisi ya kazi tukiwa na karatasi zake zote, na nauli yake ya siku hiyo tutailipa sisi.