Maradhi Yaliyopita na Kovu Lililobaki



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena, sisi tuliotawanyika Uingereza, Oman na kwetu Unguja. Nimeombwa niseme machache juu ya afya. Nimeona bora nieleze yaliyonifika mwenyewe, ambayo wengi wenu niliwaficha.

Mwaka 2012 nilishikwa na mafua makali pamoja na homa. Wiki mbili baadaye kifua kiliniuma, na moyo ukawa unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa kitako. Daktari aliniambia kwamba msuli wa moyo umevimba, maradhi yaitwayo mayokaditisi, ambayo mara nyingi huletwa na virusi. Nililazwa, nikatoka, homa ikaisha. Nikadhani mambo yamekwisha. Mwezi wa pili nikarudi kwenye mpira wetu wa Jumapili.

Hapo ndipo nilipokosea. Wengi hupona kabisa, lakini kwa baadhi yetu uvimbe ukiondoka huacha kovu, na kovu haliwezi kujikaza na kusukuma kama ufanyavyo msuli. Chumba cha kushoto cha moyo, kinachopeleka damu mwilini, hutanuka na kulegea. Moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu ya damu iliyomo katika chumba hicho kwa kila pigo. Wangu ulikuwa hausukumi hata thuluthi. Basi damu inayorudi kutoka mapafuni hurundikana, maji yakavuja ndani ya mapafu, na mtu akakosa pumzi kila alalapo. Miguu nayo hufura. Tena damu iliyotuama katika chumba kilicholegea yaweza kuganda, na donge lake likichukuliwa hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Nami nilipofura miguu nilisema ni uzee. Nilipoanza kulalia mito mitatu nilimwambia mke wangu ni baridi ya nchi hii. Dada yangu, alipotutembelea kutoka Maskati, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka hospitali. Lau asingekuja, huenda mngekwisha kunisomea hitima.

Siku hizi natumia dawa za kuupunguzia moyo mzigo, chumvi nimeipunguza, na kila asubuhi napima uzito, kwani ukipanda ghafla ni dalili ya maji kujaa mwilini. Kipimo cha mwisho kilionyesha nafuu, ingawa si kama zamani.

Wanangu, alasiri hii mtacheza mpira, nami nitakaa kivulini. Aliyeugua maradhi haya asirudi uwanjani mpaka daktari amruhusu. Mara nyingi huambiwa apumzike miezi 3 hadi 6. Nanyi wazee wenzangu, anayekosa pumzi asisingizie umri, aende akapimwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi leo nimeyafichua yangu kabla ya kilio. Nawaombeni nanyi mfanye vivyo hivyo.