Upepo wa Ubavuni: Nahodha na Rubani

(Mazungumzo kwa wakazi na wavuvi wa ufuo wa Usenge, Kaunti ya Siaya)



Nahodha anayevuka kati ya Usenge na kisiwa cha Mageta, akipigwa na upepo wa ubavuni, haelekezi mashua moja kwa moja anakokwenda. Huigeuza pua kidogo upande unakotoka upepo, ndipo afike. Rubani wa ndege ndogo hufanya vivyo hivyo anapotua.

Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huvuma kujaza nafasi hiyo. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka bara kwenda ziwani. Ndiyo maana dhoruba nyingi huwakuta wavuvi wa omena usiku au alfajiri.

Ndege ndogo ni nyepesi, na inapotua huenda polepole. Kinachoibeba ni hewa inayopita kwenye mabawa kwa kasi. Upepo wa mbele ukikatika ghafla, kasi hiyo hupungua na ndege huanza kuzama. Upepo wa ubavuni nao huisukuma nje ya njia. Rubani huelekeza pua kwenye upepo, kisha huinyoosha muda mfupi tu kabla ya magurudumu kugusa chini. Akichelewa, ndege hugusa ikiwa upande, na huweza kuacha njia au kupinduka.

Kinga ipo: kuongeza nguvu ya injini, kupaa tena na kuzunguka, au kwenda kutua uwanja mwingine. Abiria wengine hunung'unika kwamba wamecheleweshwa. Rubani anayerudi juu si mwoga, kama vile nahodha anayeahirisha safari si mwoga.

Ziwa hili limeshatoa funzo. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ya Precision Air ilianguka majini ikijaribu kutua Bukoba, Tanzania, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilikuwa na watu 43. 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mashua zao.

Basi wakazi wanaombwa mambo matatu. Mifugo isilishwe kwenye viwanja vya ndege, kwa maana ng'ombe mmoja njiani humnyima rubani nafasi ya kutua upepo ukiwa umetulia. Mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti uwanjani usiguswe. Huo ndio humwonyesha rubani upepo unakovuma na nguvu yake. Na ajali ikitokea, piga 999 au 112 mara moja, kisha anayekwenda kuokoa avae jaketi la kuokoa maisha kwanza.

Upepo haujui ndege wala mashua. Anayeuheshimu hufika, hata kama amechelewa.