Tumbo Lilikatwa, Ulimi Ukabaki

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani, iliyotolewa katika bwalo la shule siku ya mkutano wetu. Imechapwa kama ilivyosemwa, isipokuwa vichekesho viwili ambavyo msemaji mwenyewe ameomba viondolewe. – Mhariri)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya afya ya mtu mzima. Katibu wetu alidhani nitasema habari za mazoezi, na alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Tulipokutana hapa mwishoni mwa mwaka 2019 mliniona nimepungua sana. Ninyi mnaonijua kwa jina la Bwana Ukoko, kwa ajili ya kuvizia masufuria ya jikoni, mlinizunguka mkaniuliza nimefanyaje. Nikajibu kwamba natembea kila alfajiri, na kwamba nimeacha ugali wa usiku. Mkanipigia makofi. Mwenzetu mmoja alirudi kwake akaanza kutembea kila alfajiri. Baada ya miezi minne akaniandikia kwamba amepungua kilo mbili tu, na kwamba mimi ni mwanamume kwelikweli.

Ndugu zangu, nilisema uongo. Nilipasuliwa.

Mwezi wa Februari 2018 nilikuwa na kilo 148. Nilikuwa na kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu, na magoti yaliyolia kama bawaba za mlango wa bweni letu. Nikasafiri mpaka Chennai, India, nikapasuliwa tumbo ili nipungue. Nyumbani alijua mke wangu peke yake. Wengine wote waliambiwa nimekwenda kutibiwa mgongo.

Nieleze kidogo, maana naona vijana wa baiolojia wamekwisha kutoa madaftari. Upasuaji wa namna yangu ulianzishwa katika miaka ya 1960 na Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Ilikwisha kuonekana kwamba wagonjwa wa vidonda vya tumbo, wakikatwa sehemu ya tumbo, hukonda na hawanenepi tena kwa urahisi. Basi sehemu ya juu ya tumbo hutengwa, ikawa kijifuko cha mililita 30 hivi, yaani kiasi cha kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu. Kisha utumbo mwembamba hukatwa, ukapandishwa na kuungwa na kijifuko hicho, na chakula hupita bila kugusa tumbo kubwa wala mwanzo wa utumbo. Uko upasuaji mwingine ambao tumbo hukatwa kwa urefu wake, robo tatu na zaidi zikatupwa, likabaki jembamba kama mkono wa shati.

Watu hudhani kazi yote hufanywa na udogo wa kile kijifuko. Sivyo. Homoni za utumbo nazo hubadilika, na ubongo hupata habari ya kushiba upesi kuliko zamani. Mimi, Bwana Ukoko, nilikaa karibu mwaka mzima nikikumbushwa kula. Kisukari kilitulia, daktari akaniondolea dawa moja baada ya nyingine. Mwezi wa Agosti 2019 nilifika kilo 91, ndipo nikaja hapa kupigiwa makofi yenu.

Lakini daktari aliniambia waziwazi kabla sijapanda ndege kurudi: mwaka wa kwanza, labda na wa pili, njaa itakuwa ndogo, halafu itarudi, na tamaa ya vitu vitamu itarudi kabla yake. Nilimwitikia kwa adabu. Sikumsadiki.

Sasa yanipasa nirudi nyuma kidogo, maana bila hayo hamtaelewa yaliyonipata. Wenzangu wa mwaka 1981 hadi 1984 mnakumbuka chai ya bwalo hili. Ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Sukari ilikuwa haba nchi nzima. Watu walipanga foleni kwenye maduka toka alfajiri, na aliyepata kilo moja aliificha chini ya khanga kama kwamba ameiiba. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, alikuwa Pangani. Kila nilipokuja shuleni alinifungia sukari katika kitambaa, akaitia ndani ya kopo la maziwa, akaisukuma chini kabisa ya sanduku langu. Mlikuwa mkija kitandani kwangu na vikombe vyenu, msikatae. Nilikuwa mtu mzima tayari nilipoambiwa kwamba kule nyumbani wao walikuwa wakinywa chai tupu ili kopo lile lijae.

Basi Idi ya mwezi wa Mei 2021 nilikwenda kumwamkia. Akaitika, "Marahaba, mdogo wangu. Mbona umekwisha hivi? Nani anakunyima?" Akaleta sinia la visheti vilivyong'aa kwa shira, na sharubati ya ukwaju. Nikasema nimeshiba. Akasema, "Umeshiba wapi, na njia nzima hukula?" Nikasema naogopa sukari. Akasema, "Si uliniambia imepona?"

Hapo palihitajiwa neno moja tu. Ningesema nimepasuliwa, shauri lingekwisha. Lakini sikuweza kulisema neno hilo, kwani ningeonekana mtu aliyeshindwa kujizuia mpaka akaenda kununua kujizuia kwa fedha. Nikala visheti vitano, nikashushia na sharubati.

Haikupita robo saa. Moyo ulianza kwenda mbio, jasho likanitoka mpaka kanzu ikalowa, tumbo likasokota, nikakimbilia uani. Niliporudi sikuweza kusimama, nikalala juu ya mkeka. Mambo yenyewe ni hivi: tumbo la kawaida huachia chakula kidogo kidogo, kama bawabu mwema, mimi sina tena bawabu huyo. Sukari nyingi ikiteremka kwa mkupuo ndani ya utumbo mwembamba, huvuta maji ya mwili yaingie humo, damu ikapungukiwa, moyo ukalazimika kukimbia.

Nilipofumbua macho dada alikuwa ameketi kichwani pangu, ananipepea, analia. Alidhani amenilisha kitu kibaya. Akawahoji wajukuu wote nani aligusa mafuta, akamwaga visheti vyote vilivyobaki, na vilikuwa vya siku mbili za kazi.

Nami nikamwacha aamini hivyo. Nilimwacha kwa miezi mitano.

Mtasema mtu aliyepata adhabu ile hatarudia. Nilirudia, ila kwa ujanja. Niligundua kwamba adhabu huja ukinywa kwa haraka. Basi nikawa nafungua soda asubuhi ofisini, naiacha mpaka gesi iishe, nainywa funda moja moja mpaka saa sita. Hakuna jasho, hakuna kusokotwa. Vitu laini na vya majimaji havikai ndani ya kile kijifuko. Huteleza tu, tumbo lisijue kama limepewa kitu. Kipande cha samaki kingenishibisha saa nne. Soda hainishibishi hata dakika kumi. Yule aliyekatwa kwa ile namna ya pili ana hatari kubwa zaidi hapa, kwa kuwa wengi wao hawapati hata adhabu niliyoipata mimi.

Soda ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai karibu vinane. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ingekuwa vema mtu mzima asipite gramu 25 kwa siku nzima, na asali na juisi zinahesabiwa humo humo. (Vijana, duka lenu la shule nimelipitia leo asubuhi. Nitazungumza na Mkuu wa Shule faraghani.) Kufika Oktoba 2021 mizani ilisema kilo 104. Mke wangu alidhani ni umri.

Kilichonikomesha ni juisi ya miwa. Nilikunywa glasi moja kubwa njiani, nikaendelea na safari, nyuma ya gari amekaa mjukuu wangu wa miaka sita. Saa mbili baadaye mikono ikaanza kutetemeka juu ya usukani, macho yakaona ukungu, nikawa sikumbuki tunakwenda wapi. Nashukuru niliwahi kuegesha pembeni. Mtoto akauliza, "Babu, tumefika?"

Hiyo ni adhabu ya pili, nayo huja kwa kuchelewa, saa moja hadi tatu baada ya kula. Kongosho likiona sukari imevamia damu kwa ghafla, humwaga insulini kupita kiasi, na sukari ya damu ikashuka chini kuliko ilivyokuwa mwanzo. Na tazameni jinsi ilivyo kichekesho: dawa ya kukuokoa dakika ile ni sukari kidogo. Nilikula pipi ya mtoto.

Usiku ule nilimwambia mke wangu habari za soda za ofisini. Asubuhi nikampigia simu dada, nikamweleza yote tangu Chennai. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo si visheti vyangu?" Nikasema, si visheti vyako, dada. Akasema, "Na mimi niliyekuogesha ungali mtoto, ukaona haya kuniambia umekatwa tumbo?" Akakata simu. Alinisemesha tena baada ya wiki tatu.

Mtaniuliza sasa nafanyaje. Nafanya mambo madogo yasiyo na sifa. Arusini nakwenda nimekwisha kula, na nachagua kiti kilicho mbali na meza ya soda. Nyumbani hakuna kopo la biskuti. Wageni wanaotaka sukari huletewa katika kisahani, na kisahani hurudi jikoni. Naanza na samaki, yai au maharage kabla ya kitu kingine chochote, sinywi maji pamoja na chakula, nangoja nusu saa. Tunda nalitafuna, silikamui. Vidonge vya vitamini, chuma na kalisi ni vya maisha yangu yote, kwa sababu utumbo uliorukwa ndio uliokuwa ukivichukua. Chai naiweka iliki, mdalasini na tangawizi. Wiki tatu za kwanza ilikuwa kama kunywa dawa. Sasa nikionja chai ya watu wengine naona kama uji wa harusi.

Lakini hayo yote hayakunifaa kitu muda wote nilipokuwa nayafanya kwa siri. Mtu mwenye siri hana jibu akiletewa sinia. Atasema ameshiba, atasema anaumwa jino, mara ya tatu atakula. Tangu niseme, wenye arusi wenyewe huniletea maji kabla sijaomba. Wako wanaonicheka, nao wana haki, nilikuwa nikiwacheka wengine.

Yule mwenzetu wa kutembea alfajiri yumo humu ndani. Sitamtaja. Nilimpigia simu mwaka jana nikamwomba radhi. Akaniambia kwamba bado anatembea, na kwamba kilo mbili zake ni zake kweli.

Mimi nina kilo 97 leo. Sikuzirudisha zote, na zipo siku za Ijumaa jioni ambapo napita mbele ya duka la halwa nikiwa nimeshika mkono wa mke wangu kwa nguvu kuliko umri wetu unavyoruhusu.

Idi hii iliyopita nilikwenda Pangani. Dada alinipikia pweza wa nazi, kisahani kidogo, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Ilipofika alasiri nikaona sahani ya visheti imefunikwa kawa, imewekwa pembeni juu ya kabati. Mjukuu mmoja akanyoosha mkono, dada akampiga kofi la vidole, akasema hiyo ni ya babu yenu. Jioni, alipoona nimeaga na nimeshika viatu, aliishusha mwenyewe akawapa.