Kadi za Maua: Maneno ya Wanachama wa Morotonga katika Sherehe ya Miaka Kumi



Twashukuru kupewa nafasi hii baada ya wakulima wa kahawa na wa pamba. Huenda wengine wenu mlipoona neno "kadi" katika ratiba mlidhani ni kadi za uanachama. Sisi ni wale akina mama wa Morotonga watengenezao kwa mikono kadi ndogo za maua, ambazo watu hupelekeana kwa arusi, kwa Krismasi, kwa Idi na kwa rambirambi. Tumekuja kuieleza kazi yetu, na tumekuja na ombi.

Karatasi nene ya kipimo cha A4 hukatwa vipande vinne, na kila kipande kikikunjwa huwa kadi ya sentimita 10.5 kwa 7.4. Kabla ya kukunja twachora mstari kwa mgongo wa kisu, maana karatasi ikikunjwa kukatiza nyuzi zake hupasuka. Kisha twaichovya katika chai ya rangi iliyokolea, twaianika kivulini, na ikiwa bado na unyevu kidogo twaikandamiza chini ya ubao ili isijikunyate. Hutoka na rangi ya barua ya zamani iliyotunzwa sandukuni, na wanunuzi wa mijini huipenda mno sura hiyo. Wala si ushamba: kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa madukani, ile ya Henry Cole wa London mwaka 1843, ilichapwa kwa mashine lakini rangi zake zilitiwa kwa mkono.

Maua ni ya bustani zetu. Hatuchumi katika Hifadhi ya Serengeti, kwa kuwa sheria yakataza. Bogenvilia ni jepesi, hukauka upesi na rangi yake hudumu. Kosmosi nalo ni jema, na masuke ya nyasi hayana matata. Waridi zima halifai, ni nene. Hubanduliwa petali moja moja. Maua hulazwa kati ya magazeti chini ya mawe, na magazeti hubadilishwa kila siku mwanzoni, kwa majuma mawili au matatu. Hubandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, nyembamba sana, maana ikiwa nzito wadudu huila. Kadi iliyokwisha hukaa gizani, kwa sababu jua huifuta rangi.

Hapo kwenye kukausha ndipo tulipoangukia. Wakati wa masika mmoja tuliharakisha, tukapeleka boksi zima dukani maua yakiwa bado na maji ndani. Lilirudi limeota ukungu. Kosa lilikuwa letu, wala hatukumlaumu mwenye duka, ila tangu siku hiyo baadhi ya wenzetu huziuza kadi kwa mlanguzi apitaye, kwa bei aitakayo, kwa sababu wanunuzi wengi huja Desemba na ada za shule hazingoji Desemba.

Wazee wa pamba wa Kanda ya Ziwa, na Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, walijenga ushirika miaka ya 1950 kwa kuwa hawakuridhika na mizani ya wanunuzi. Mizani yetu sisi ni jicho la mlanguzi. Akisema kadi ni mbovu, nani atambishia? Kwa hiyo twaomba Chama Kikuu kipokee kadi kama kipokeavyo mazao: zikaguliwe mbele yetu, zitengwe safi na fifi, zihifadhiwe ghalani pasipo unyevu, tulipwe malipo ya kwanza siku ya kupokea, na ya pili baada ya mauzo. Hatusemi kadi zitashindana na kahawa. Hazitashindana. Twasema tu kwamba kazi hii haihitaji shamba, na miongoni mwetu wamo wajane wasio na hata nusu eka.

Wasiosadiki na wakumbuke Iringa. Huko Neema Crafts ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, wakifundishwa kutengeneza karatasi. Na karatasi yao mojawapo ni ya kinyesi cha tembo! Sisi tembo twawajua kwa kutumalizia mahindi tu. Hatujajaribu bado, twahitaji mtu wa kutufundisha kuchemsha na kuchekecha zile nyuzi, na hilo nalo twaliweka mbele ya Kamati.

Kadi za mfano ziko mezani karibu na mlango, safi upande wa kulia, fifi upande wa kushoto. Tumeziacha zile fifi makusudi, mzishike mkononi na kuona tofauti. Za kulia zauzwa leo.