Jalada la Mufilisi Husomwa na Yeyote

Jiji la Detroit lilipoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, Julai 18, 2013, jalada lake lilipewa namba 13-53846. Mwenye namba hiyo anaweza hadi leo kusoma nani alilidai jiji, na kiasi gani.

Nchini Marekani kesi za kufilisika husikilizwa na mahakama za shirikisho. Ndiyo maana anayeulizia kwenye mahakama ya kaunti hurudi mikono mitupu. Pa kuanzia ni PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama hizo: kujisajili ni bure, ukurasa ni senti 10, na waraka wa kawaida hauzidi dola 3. Matumizi yasiyovuka dola 30 kwa robo mwaka husamehewa. Kusoma madeni ya watu, kumbe, nako kuna bili yake!

Asiyetaka bili huenda kwa karani wa mahakama yenyewe, ambako kompyuta za umma ni bure. Kinacholipiwa ni nakala. Hata hivyo, ndani ya jalada namba ya hifadhi ya jamii ya mdaiwa huonyeshwa tarakimu 4 za mwisho tu.